UZI: Kufikia nyumbani kwa familia ya Kihindi kule Gujarat, mambo ya kujua kabla hujabeba begi

Mama Mzigo (mleta mada)

Wadau salaam. Kila wiki humu mtu anauliza habari za India, huyu matibabu, yule chuo, mwingine mzigo kama mimi, na majibu ni viza na nauli basi. Habari ya kukaa nyumbani kwa watu hakuna anayeigusa, na hapo ndo watu wengi wanaumbuka au wanarudi wanalia. Nitaandika kirefu, mwenye haraka apite.

Mimi nafuata khanga na vitenge Jetpur, mji wa viwanda vya kuchapa vitambaa kule Gujarat, upande wa Saurashtra, kama kilomita 70 kutoka Rajkot. Khanga nyingi mnazovaa zenye maneno ya Kiswahili yaliyonyooka zimechapwa kule na mafundi ambao Kiswahili hawakijui, wewe unawatumia jina la khanga kwenye WhatsApp wanakurudishia sampuli, unakagua herufi kwa herufi. Ukiwa na mzigo wa kusimamia huwezi kukaa siku mbili ukaondoka, unakaa mpaka rangi zikauke, kwa hiyo malazi ni jambo kubwa. Mimi nafikia Rajkot kwa familia moja, baba, mama, watoto wao wawili, na bibi yao ambaye kila mtu anamwita Ba. Asubuhi nashika basi la Jetpur, jioni narudi.

Kwanini familia na sio hoteli? Sababu ya kwanza ni ya kisheria na wengi hawaijui. India mtu yeyote akilaza mgeni wa nje, iwe hoteli, gesti au nyumba ya mtu binafsi, anatakiwa ampelekee taarifa ofisi ya uhamiaji kwa kujaza fomu ambayo watu wamezoea kuiita Fomu C, ndani ya saa 24 toka umeingia. Inajazwa kwenye mtandao, wanataka pasipoti, viza na picha. Sasa miji midogo gesti nyingi hazijajisajili na hazitaki usumbufu huo, unafika saa tatu usiku umechoka na begi lako mpokezi anatikisa kichwa anasema wageni wa nje hatupokei. Hapo usimgombeze wala usidhani lazima ni rangi yako, mara nyingi ni hiyo fomu. Familia ikikubali kukupokea na ikajaza fomu, wewe uko salama na wao wako salama. Na hili nalisisitiza, MUULIZE MWENYEJI WAKO KUHUSU FOMU C KABLA HUJAKATA TIKETI. Mwenyeji akikwambia "usijali hakuna atakayejua", huyo hajakupenda, maana polisi wakija atakayepata tabu ni yeye na wewe wote.

Sasa nije kwenye penyewe. Nimekaa na hawa watu nikaona jambo moja, kwamba nyumba ya Kihindi ya Gujarat sheria zake karibu zote zinaanzia jikoni. Ukilielewa jiko, mengine yote yanakuja yenyewe. Usipolielewa utakuwa unawaudhi kila saa na hawatakwambia, maana mgeni kwao hasemwi. Wana maneno yao ya zamani ya Kisanskriti, *atithi devo bhava*, mgeni ni kama mungu, serikali yao imeyatumia hadi kwenye matangazo ya utalii, lakini nyumbani sio tangazo, wanaliishi kweli. Ndo maana ni juu yako wewe mgeni kujiongeza.

Jiko lenyewe likoje. Familia yangu ni Wahindu wa dhehebu la Swaminarayan. Nyama hakuna, samaki hakuna, yai hakuna, na kwao hata kitunguu maji na kitunguu saumu havipikwi. Majirani zao ni Wajaini, wale wanaenda mbali zaidi, viazi na karoti na chochote kinachong'olewa chini ya ardhi hawali, na wengi wanakula kabla jua halijazama. Haya sio mapishi tu wadau, ni dini yao na ni usafi wao. Ukiingia na pakiti ya kuku wa kukaanga mliyonunua stendi ukasema nitakula chumbani kwangu kimya kimya, umeingiza kitu ndani ya nyumba ambacho vizazi na vizazi hawajawahi kukiingiza. Ukitaka kuku kula huko huko nje, osha mikono, piga mswaki, ndo urudi. Na nyama ya ng'ombe usiithubutu hata kuiweka kwenye begi kutoka nyumbani, Gujarat sheria ya kuchinja ng'ombe waliikaza 2017 adhabu inafika hadi kifungo cha maisha, hiyo sio sehemu ya kujaribu.

Jingine la jikoni ni mate. Kitu kilichogusa mdomo wako kimeshakuwa chako peke yako. Chupa ya maji ya familia hainywewi kwa kuweka mdomo, unainua juu unajimiminia, Ba ana miaka mingi na anajimiminia bila tone kumwagika. Usionje mchuzi kwa mwiko ukaurudisha chunguni. Usimpe mtu kipande ulichoking'ata hata kama ni kwa upendo. Kijiko ulichotumia kwenye sahani yako hakirudi kwenye bakuli la wote. Mkono ni wa kulia, hilo kwa mtu wa pwani halina shida, na ndo maana nasema Mswahili anakaa vizuri na hawa watu kuliko Mzungu, sisi mkono wa kulia, viatu mlangoni, ndoo na kopo bafuni, maji chooni, salamu kwa wakubwa, yote tumezaliwa nayo.

Chakula chenyewe nisiwadanganye, ni kitamu na ni kingi mpaka unaomba huruma. Sinia la chuma lina vibakuli, dali, mboga, achari, wali unakuja mwishoni, na rotli, vile vichapati vyembamba laini vilivyopakwa samli vinatoka jikoni kimoja kimoja vya moto. Saurashtra wana mikate ya uwele mizito inaitwa rotlo, unakula na siagi nyeupe na sukari guru, na biringanya la kuchoma lililopondwa, chakula cha wakulima hicho na ukila unashinda kutwa. Kiu unakata na chaas, mtindi uliopigwa na maji, chumvi na binzari nyembamba. Msimu wa maembe ya Kesar, hayo ya kutoka upande wa Gir, mwezi wa tano hivi, wanakamua maji ya embe mazito unachovya puri, lakini joto la mwezi huo linapita digrii 40 kwa hiyo ukienda uwe umejipanga. Mimi nawashauri Novemba mpaka Februari.

Kusema umeshiba: ukisema "hapana asante" mara moja wanaongeza, ya pili wanaongeza, maana kwao kukataa mara ya kwanza ni adabu tu. Weka kiganja juu ya sahani useme *bas, bas*. Ukibakiza chakula kwenye sahani ndo kosa kubwa, kwa hiyo anza na kidogo.

Naendelea baadae, mtoto ananiita.

---

Kijana wa Ngara

Nimetia nanga hapa. Mama swali, mi bila nyama siku mbili nakosa nguvu kabisa, siwezi kuomba nijipikie mwenyewe kwenye sufuria yangu?

Mama Mzigo

@Kijana wa Ngara usiombe mwanangu. Jiko lao kwa wengi ni sehemu ya ibada, wengine wana kimadhabahu chao humo humo jikoni au pembeni yake, mama mwenye nyumba hapiki kabla hajaoga. Kuna nyumba mgeni haingii kabisa jikoni, anaishia mlangoni, na kuna nyumba wanakuita mwenyewe uje ujifunze kusukuma rotli. Wewe subiri uitwe. Mimi niliitwa na Ba, na nikiwa humo navua hata ndala za ndani.

Na kwa wanawake wenzangu niseme wazi maana hamtaambiwa: familia nyingi za dini, mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii jikoni wala hagusi madhabahu, kwenye nyumba niliyopo wakwe zao ndo wanafuata hivyo. Hawatakuuliza. Ukiwa kwenye siku zako kaa tu sebuleni, omba chai uletewe, mambo yanaisha. Mimi siafiki huo mtazamo, nawaambia ukweli, mwanamke hachafuki kwa alivyoumbwa. Lakini nyumba sio yangu.

Kama nyama ni lazima sana tafuta familia inayokula nyama, sio Wahindi wote ni wa majani tu. Hapo hapo Gujarat kuna Waislamu, wakiwemo Mabohora na Makhoja, kuna Wakristo. Ukienda Kerala ndo kabisa, samaki, ng'ombe, vyote vipo mezani.

---

Pwani Moja

Ahsante bi mkubwa, nami niongeze upande wetu. Mie ni wa Unguja, nilimpeleka mama Mumbai kwa matibabu tukafikia kwa familia ya Kibohora waliokuwa wanajuana na watu wa mtaani kwetu. Wallahi tulijiona tuko nyumbani. Wanakula kwenye sinia moja kubwa la duara linawekwa juu ya kigoda, mnakaa chini kulizunguka watu wanane hivi, kichwa kimefunikwa, mtu anapita na birika kuwaoshea mikono, halafu kila mmoja anaonja chumvi kidogo kwanza kabla ya chochote. Na utamu unatangulia kisha ndo chakula, tena wanapokezana tamu na ya chumvi. Haifai kubakisha hata punje ya wali, wana msisitizo mkubwa sana juu ya hilo. Kwa mtu aliyezoea sinia la Kizanzibari ni raha tupu.

Ila nao wana utaratibu wao, usije ukadhani kwa kuwa ni Waislamu basi kila kitu ni sawa na kwetu. Kalenda yao wanaihesabu wenyewe, Ramadhani yao mara nyingi huanza siku moja au mbili kabla ya yetu, uliza kabla hujaenda.

---

Baharia mstaafu

Uzi mzuri lakini naomba mnijibu kwa haki. Mimi nimekaa Upanga miaka, jirani zangu Wahindi ngazi moja, mlango unafunguliwa nusu, chai sijawahi kukaribishwa. Leo mnaniambia kwao wanamfanya mgeni mungu?? Au huo umungu ni kwa mteja mwenye oda ya khanga?

Mama Mzigo

@Baharia mstaafu swali lako ni la haki na sitalizunguka.

Kwanza kweli mimi niliingia kwa njia ya biashara, dalali wangu wa Jetpur ndo alinipeleka kwa shemeji yake. Ila mzigo ulipochelewa na hakukuwa na oda yoyote ya kuwapa, sahani yangu haikupungua.

Pili, Wahindi wa hapa na wa kule historia ni tofauti. Hawa wa kwetu asili yao kubwa ni huko huko Gujarat, Kutch, Jamnagar, Porbandar, walikuja na majahazi toka zamani kabla ya Wajerumani. Jairam Shivji wa kutoka Kutch familia yake ilishika forodha ya Unguja enzi za masultani. Lakini walikuja wakiwa wachache, wakoloni wakawaweka katikati, Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini, hadi shule na hospitali zikatengwa. Halafu ikaja Mapinduzi ya Zanzibar 1964, majengo yakataifishwa hapa Tanzania 1971, mwaka uliofuata Amin akawapa wa Uganda siku 90 waondoke. Jamii iliyopitia hivyo inajifungia. Sisemi ni sawa, wala sisemi hakuna dharau, dharau ipo na nimeiona Kariakoo kwa macho yangu. Nasema tu mlango wa Upanga sio mlango wa Rajkot. Yule wa Rajkot yuko kwao, hana hofu na wewe.

Halafu huko Saurashtra Afrika wanaijua kuliko unavyofikiri. Ukienda Porbandar alikozaliwa Gandhi, lile jumba kubwa la kumbukumbu yake, Kirti Mandir, lilijengwa kwa mchango mkubwa wa Nanji Kalidas Mehta, yule yule wa sukari ya Lugazi Uganda. Madhvani wa Kakira naye asili yake ni huko huko. Mtaa wangu Rajkot kuna mzee alikulia Kisumu, akinisikia kwenye simu anatoka kibarazani ananiuliza bei ya unga.

Na kuna watu weusi wa huko huko pia. Masidi, waliotokana na Waafrika waliopelekwa zamani, wengine watumwa wengine wanajeshi, wako Jambur karibu na msitu wa Gir, wako Jamnagar, wako Rajkot, wanaongea Kigujarati na ngoma yao wanaiita goma. Mimi sokoni naongeleshwa Kigujarati moja kwa moja, wananidhania Sidi. Ukipita Ahmedabad nenda kaangalie msikiti wa Sidi Saiyyed, umejengwa miaka ya 1570 na mtu mwenye asili ya Afrika, madirisha yake ya mawe yamechongwa kama mti unaotambaa, jiwe limekuwa kama lesi. Nilisimama pale nikashindwa kuondoka.

---

Mkenya wa Vadodara

Sasa wasee, wacha nami niongeze, nasoma huku Vadodara. Huyu mama amesema ukweli lakini story ya kuingia kama mgeni wa familia na ya kutafuta nyumba ya kukodisha ni mbili tofauti kabisa. Mgeni wa familia ana mtu wa kumsimamia. Sisi wanafunzi tunatafuta PG, hizo nyumba unalipa kwa mwezi unapewa chumba na chakula, na hapo ndio unakutana na sosaiti. Sosaiti ni ile kamati ya jengo au mtaa, ina mwenyekiti na askari getini, hata mwenye nyumba akikupenda wao wanaweza kumwambia hapana. Hatutaki watu wanaokula nyama, hatutaki mabachela, hatutaki Waafrika, mara nyingine wanasema wazi wazi. Nimekataliwa sana kabla sijapata hii ninayokaa.

Na watu wasidanganyane kuhusu usalama. 2016 Bengaluru binti Mtanzania alishambuliwa na umati barabarani kwa ajali ambayo hakuhusika nayo hata kidogo, aliyegonga mtu alikuwa mwingine kabisa. Machi 2024 hapo Ahmedabad wanafunzi wa nje walivamiwa hosteli ya chuo wakiwa kwenye sala ya usiku ya Ramadhani. Hizi si hadithi. Kwa hivyo ukikaa na familia, ile familia ni ngao yako, wajulishe unaenda wapi na unarudi saa ngapi, usione ni kama wanakuchunga.

Kuangaliwa utaangaliwa. Picha utaombwa. Nywele watoto watataka kushika. Kuna mwenye nia nzuri na kuna mwenye dharau na utawajua kwa macho yao. Mimi picha nakubali kwa mtu aliyeomba, aliyenipiga kisirisiri namwambia afute.

Mama Mzigo

@Mkenya wa Vadodara umesema yote, na pole kwa hayo mahangaiko. Nakubaliana na wewe neno kwa neno. Kwenye sosaiti ya familia yangu, siku ya kwanza kabisa baba mwenye nyumba alinichukua akanipeleka kwa mwenyekiti na kwa askari wa getini, akasema huyu ni dada yangu, ana khanga zake Jetpur. Toka hapo hakuna aliyeniuliza. Kwa hiyo wadau hili nalo ombeni: mwenyeji akutambulishe mtaani MAPEMA, mchana, watu wakuone.

Na mimi maneno ya rangi yamenikuta humo humo ndani, shangazi wa familia alikuja kutembea akasema kwa Kigujarati kitu kuhusu weusi wangu, mtoto mdogo akanitafsiria bila kujua. Mama mwenye nyumba alimnyamazisha mbele yangu, mbele ya watu wote, na kwao mdogo kumkemea mkubwa sio kitu chepesi. Ile heshima aliyonipa siwezi kuisahau.

---

Nesi wa Temeke

Habari zenu. Niongezee Chennai maana wagonjwa wetu wengi wanaenda kule. Familia zinazopangisha vyumba karibu na hospitali zipo nyingi, mgonjwa akishatoka wodini anakaa hapo akisubiri kliniki. Zingatieni haya: viza ya matibabu ya mtandaoni ni siku 60, na inaruhusu wasindikizaji wawili, kila mmoja na viza yake ya msindikizaji, msije mkaenda na ya utalii halafu hospitali ikawasumbua. Ukitokea Kenya, Uganda, Burundi au Kongo ile kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima, bila hiyo unawekwa karantini pale pale uwanja wa ndege.

Nyumbani kwa Watamili chakula cha sherehe kinawekwa kwenye jani la mgomba. Ukimaliza unalikunja kuja upande wako, ndo ishara umeridhika. Kulikunja kwenda upande wa mbele ni kwa msiba. Wagonjwa wasiambiwe "kula chochote", pilipili ya kule sio ya mchezo, mwambieni mama wa nyumba mapema awatengee wali mweupe na mtindi, wao wenyewe wanaula kutuliza tumbo.

---

Dada wa Morogoro

Mimi ni mlokole. Kwenye nyumba ya Kihindu wanapofanya ibada yao wakaniletea ile sadaka ya vitamu, nifanyeje jamani? Sitaki kukosea Mungu wangu na sitaki kuwaudhi.

Mama Mzigo

@Dada wa Morogoro mimi ni Muislamu, na nilijiuliza hilo hilo. Jioni wanawasha taa, wanaimba, kengele inalia, halafu wanagawa prasad, mara nyingi sukari mawe, kipande cha nazi au ladu. Mimi nilimwambia mama wa nyumba mapema, kabla ya siku ya ibada, kwa utulivu, kwamba dini yangu hainiruhusu kula kilichotolewa kwenye ibada lakini nyumba yenu na maombi yenu naviheshimu. Alielewa haraka mno, maana hawa watu wenyewe wanaishi kwa miiko ya chakula, mtu mwenye mwiko wake wanamuelewa kuliko mtu asiye na mwiko wowote. Siku hizi wakigawa mimi napewa korosho za kwenye kopo. Kinachowaudhi ni kupokea halafu ukaonekana umetupa. Ukiona unaweza kupokea, ni mkono wa kulia juu, wa kushoto chini yake.

Wakati wa ibada wewe kaa kimya, usipite mbele, usinyooshe miguu kuelekea pale kwenye madhabahu. Na miguu kwa jumla uichunge, ukimgusa mtu au kitabu kwa mguu omba radhi. Namaz yangu naswali chumbani, na Ba ndo ananikumbusha saa.

---

Kijana wa Ngara

Na malipo je? Unalipaje mtu anayekuita dada?

Mama Mzigo

Hapa kuna aina mbili, usizichanganye. Kuna nyumba zilizosajiliwa kama homstei, serikali ya India ina mpango wake wa kuzisajili na kuzipanga madaraja, huko bei ipo, unalipa kama kawaida, hakuna aibu yoyote. Kerala na Rajasthan ziko tele. Ahmedabad nazo zipo kwenye yale makazi ya zamani ya vichochoro wanaita pol, mji ule uliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO 2017 kwa sababu ya hayo hayo, nyumba za mbao zilizochongwa, mlango mmoja mkubwa mtaa mzima. Ukipata pa kulala humo tarehe 14 Januari, siku ya tiara ya Uttarayan, panda paani na familia, mji wote uko juu ya paa, mbingu hazionekani kwa tiara, wanakula undhiyu na jalebi huko huko juu. Uzi wao umepakwa unga wa chupa, unakata vidole na unaua ndege wengi, vaa kitu vidoleni na usikae karibu na ukingo.

Aina ya pili ni familia iliyokupokea kwa kujuana. Hawa ukiwapa noti mkononi umewatukana. Mimi nafanya hivi: naenda na zawadi nzito kutoka nyumbani, karafuu za Unguja, korosho za Mtwara, khanga za kinamama. Usipeleke pombe, Gujarat imepigwa marufuku toka jimbo lilipoundwa 1960, mgeni wa nje anaweza kuomba kibali lakini kwenye nyumba ya Swaminarayan ni matusi. Usipeleke keki yenye mayai wala vitu vya ngozi ya ng'ombe. Nikiwa pale nabeba majukumu bila kutangaza, narudi na matunda, maziwa, mtungi wa gesi ukiisha nalipa mimi kabla hawajajua. Na siku ya kuondoka watoto nawapa bahasha, na hesabu yao lazima imalizikie na moja, rupia 501 au 1,001, hiyo moja ya mwisho ndo baraka. Watoto wanapokea, wazazi wanalalamika kidogo, basi yanaisha.

Mengineyo ya haraka. Maji ya kunywa ni ya ule mtambo wa kuchuja wanaouita aro, ya bomba acha. Rajkot maji ya manispaa yanafunguliwa muda mfupi kwa siku watu wanajaza matangi, kwa hiyo ndoo moja inatosha kuoga. Saa saba mchana mpaka kumi Rajkot inalala, maduka yanafungwa, usipige simu wala kugonga mlango wa mtu. Mwanamke mkubwa kidogo muite jina na *ben* mwishoni, mwanaume *bhai*, bibi ni *Ba*, ukitaja jina kavu ni utovu wa adabu. Wataulizia mshahara, ndoa, watoto, kwanini huna wa pili, wajibu unachoweza, ndo wanavyokujali. Dada wa kazi akija kuosha vyombo msalimie, utaona nyumba nyingine anawekewa kikombe chake peke yake pembeni, hilo linaniuma kila nikiliona, mimi namshukuru kwa sauti na kumwita ben kama wengine.

---

Dada wa Morogoro

Nikienda na mtoto wa miaka minne watanipokea kweli? Hajazoea pilipili.

Mama Mzigo

Watakupokea vizuri kuliko ukienda peke yako. Mtoto kwao anabebwa na nyumba nzima, utamtafuta utamkuta kwa jirani. Mwombee viza yake mwenyewe, hata mtoto mchanga anatakiwa kuwa na yake, na mwambie mwenyeji aandike jina lake kwenye Fomu C pia. Chakula mwambie mama wa nyumba akutengenezee khichdi, wali na dengu umepikwa laini na samli bila pilipili, watoto wao wote wanakuzwa kwa hiyo. Maziwa yachemshwe. Beba dawa ya kuzuia maji kupotea mwilini na usimpe vitu vya barabarani wiki ya kwanza, hasa vile vyenye chatni mbichi na barafu. Ukipata tarehe niandikie pembeni nikuulizie kwa Ba kama chumba cha juu kiko wazi.